Gesi ya Bahari Kuu ya Tanzania: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila habari ya gesi inapotangazwa, maswali ni yale yale: kwenye daladala, kwenye mikutano ya vijiji vya Lindi na Mtwara, hata bungeni. Haya hapa, pamoja na majibu. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale ambayo watu huyafikia wakishauliza mengine yote. Kama jibu limeshatolewa mahali pengine, utaelekezwa kwa namba ya swali.

## Misingi

1. Tanzania ina gesi kiasi gani, na iko wapi hasa?

Kiasi kinachotajwa rasmi ni futi za ujazo trilioni 57.54. Takriban trilioni 47 kati ya hizo ziko kwenye kina kirefu cha bahari, mbele ya pwani ya kusini, katika vitalu (maeneo ya leseni za utafutaji) namba 1, 2 na 4. Zinazobaki, trilioni 10 na ushee, ziko nchi kavu na kwenye maji ya kina kifupi: Songo Songo wilayani Kilwa, Ghuba ya Mnazi kule Msimbati, Mkuranga, Kiliwani, Ntorya na Ruvu.

Kuna mambo mawili ya kushika hapa, maana ndiyo yanayopotosha mijadala mingi. Kwanza, trilioni 57.54 ni gesi iliyomo ndani ya miamba. Haitatoka yote, sehemu yake hubaki chini hata uwe na mitambo ya namna gani. Pili, gesi yote tuliyoitumia hadi leo, kwa umeme, viwanda na magari, imetoka kwenye lile fungu dogo. Ya bahari kuu bado haijawasha hata taa moja.

2. Kwa nini iligunduliwa 1974 lakini ikaanza kutumika 2004?

Kampuni ya Italia, AGIP, iliikuta gesi ya Songo Songo mwaka 1974 na ya Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, lakini ilikuwa inatafuta mafuta. Mafuta unayapakia melini na kuyauza popote. Gesi inataka bomba na mnunuzi anayejulikana kabla hujachimba. Wakati huo mnunuzi hakuwepo, na mpango wa kiwanda cha mbolea Kilwa katika miaka ya 1980 haukufika popote.

Kilichobadilisha mambo ni ukame. Mabwawa yalipopungua maji na mgao wa umeme ukazidi, ikaonekana kwamba umeme wenyewe unaweza kuwa mnunuzi. Bomba likajengwa kutoka Songo Songo hadi Ubungo, na mwaka 2004 gesi ikafika Dar es Salaam.

3. Gesi ya Mtwara ndiyo hii ya mitungi ya jikoni?

Hapana, ingawa ukiuliza watu kumi mtaani wengi watakwambia ndiyo. Gesi ya mtungi, LPG, ni mchanganyiko wa propani na butani unaopatikana kwenye usafishaji wa mafuta na uchakataji wa gesi nzito, nasi tunaiagiza kutoka nje kwa meli. Gesi yetu ni karibu methani tupu. Methani haigeuki kimiminika kwa kugandamizwa tu kwenye mtungi mwepesi kama ule wa kilo 6. Inataka bomba hadi nyumbani, au mtungi mzito wa mgandamizo mkubwa.

Ndiyo maana bei ya mtungi haishuki kwa sababu tumegundua gesi. Inafuata soko la dunia, nauli ya meli na thamani ya shilingi. Wanaopikia gesi asilia ya Tanzania ni wale waliounganishwa kwa bomba la TPDC, shirika la petroli la taifa, katika baadhi ya maeneo ya Dar es Salaam, Lindi na Mtwara, na bado ni wachache mno. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Kwa mwendo wa sasa wa mabomba, mzigo mkubwa utabebwa na LPG ya kuagiza na umeme.

4. Bomba la Hoima hadi Tanga nalo ni la gesi?

Hilo ni la mafuta ghafi ya Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaloishia Chongoleani. Halihusiani na gesi ya kusini.

## Gesi tunayoitumia sasa

5. Gesi hii inafanya kazi gani nchini?

Kazi kubwa ni umeme. Kwa miaka mingi kabla ya Bwawa la Julius Nyerere, zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ya taifa ulitokana na gesi, hasa kwenye mitambo ya Ubungo na Kinyerezi. Kinyerezi II peke yake ina uwezo wa megawati 240.

Ya pili ni viwanda. Saruji ya Wazo Hill inachomwa kwa gesi ya Songo Songo. Dangote Mtwara, kilichojengwa kwa uwezo wa tani milioni 3 za saruji kwa mwaka, kiliunganishwa na gesi mwaka 2018. Vigae vya Mkuranga pia vinatumia gesi. Kiwanda cha namna hii kinahitaji joto usiku na mchana, na awali joto hilo lilitokana na mafuta mazito au makaa ya mawe. Kwangu mimi, hapa ndipo gesi ilipobadilisha uchumi kwelikweli, na hapa ndipo panapozungumzwa kidogo kuliko pote.

Halafu kuna magari (swali la 7).

6. Tukiwa na Bwawa la Nyerere, bado tunahitaji gesi kwa umeme?

Tunaihitaji. Bwawa lina mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla 2,115, na ya kwanza ilianza kuzalisha Februari 2024. Lakini mashine inaendeshwa na maji, na maji yanategemea mvua. Mwaka 2006 na 2011 mabwawa yalitushinda, nchi ikaingia gizani, tukakodi majenereta ya dharura kwa bei iliyoiumiza TANESCO kwa miaka. Mtambo wa gesi haujali mvua, na ukiuwasha unaupata ndani ya muda mfupi. Kazi yake sasa inageuka: maji yakiwa mengi unapumzika, yakipungua unashika zamu.

Mabadiliko hayo yana faida iliyojificha. Gesi isiyochomwa kwa umeme inaweza kwenda viwandani na kwenye magari, palipo na thamani kubwa zaidi kwa kila futi ya ujazo.

7. Gari au bajaji ya CNG inafanyaje kazi, na inaokoa kweli?

Gesi ni ile ile ya bombani, ila imegandamizwa hadi karibu bar 200 ili iingie kwenye mtungi wa chuma kinene. Kwenye gari dogo mtungi hukaa kwenye buti, na hapo utapoteza nafasi ya mizigo. Ukifika kituoni unazima injini, abiria wanashuka, fundi anachomeka kichwa cha mpira kwenye tundu la kujazia na kufungua vali. Unasikia mvumo wa gesi ikiingia, namba zinapanda kwenye mashine kwa kilo wala si kwa lita. Gari linabaki na tangi lake la petroli, na swichi ndogo kwenye dashibodi inahamisha kutoka nishati moja kwenda nyingine.

Kilo moja imekuwa ikiuzwa karibu shilingi 1,550 Dar es Salaam, na kwa nguvu inalingana na takriban lita moja na nusu ya petroli. Kwa dereva wa teksi mtandao au bajaji, anayezunguka siku nzima, hesabu inalipa. Kwa mwenye gari la kwenda kanisani Jumapili na sokoni Jumamosi, gharama ya kufunga mfumo itachukua miaka kurudi. Kilio cha madereva wengi ni foleni: vituo ni vichache kuliko magari, na saa mbili kwenye mstari ni saa mbili bila abiria.

Usikubali kufungiwa mfumo mtaani na mtu asiye na karakana inayotambuliwa. Mtungi wa bar 200 uliofungwa vibaya ni hatari kwako na kwa abiria.

8. Mbona bomba kubwa la Mtwara hadi Dar halijai?

Lilijengwa kwa mkopo wa China wa takriban dola bilioni 1.2 na kuzinduliwa Oktoba 2015. Lina urefu wa kilomita 542 pamoja na matawi yake, na linaweza kupitisha futi za ujazo milioni 784 kwa siku. Kinachopita ni kidogo sana kuliko hapo, kwa kuwa wateja hawakukua kwa kasi iliyotarajiwa na visima vya Ghuba ya Mnazi navyo vina kikomo chake. Gesi ya Ntorya, mkoani Mtwara, ambayo leseni yake ya uendelezaji ilitolewa 2024, ndiyo iliyo karibu zaidi kuongeza mzigo. Mkopo unalipwa bomba likiwa limejaa au likiwa nusu, kwa hiyo kila kiwanda kipya kinachounganishwa kina maana.

## Mradi wa LNG Lindi

9. LNG ni nini, na kwa nini gesi ya bahari kuu inaihitaji?

Ukiipoza gesi asilia hadi nyuzi 162 chini ya sifuri inageuka kimiminika na kusinyaa takriban mara 600. Hapo unaweza kuipakia melini na kuipeleka Japani, India au Ulaya.

Bahari kuu inaihitaji kwa sababu ya gharama. Visima vya Kitalu namba 2 viko karibu kilomita 100 kutoka pwani, kwenye maji ya kina cha takriban mita 2,500. Hakuna mzamiaji anayefika huko. Vifaa vyote vinawekwa sakafuni mwa bahari kwa roboti na kuendeshwa kwa nyaya kutoka mbali. Soko la ndani peke yake haliwezi kurudisha fedha za kazi hiyo. Mnunuzi wa nje ndiye anayelipia miundombinu, na sehemu ya gesi ndiyo inabaki kwa matumizi ya nyumbani.

10. Mradi umefikia wapi?

Ugunduzi ulianza 2010 na kuendelea kwa miaka michache ya mafanikio mfululizo, kwenye visima vilivyoitwa Pweza, Chewa, Jodari, Mzia, kisha Zafarani, Lavani na Tangawizi. Shell, iliyoinunua kampuni ya BG mwaka 2016, inaongoza vitalu 1 na 4. Equinor ya Norwei, pamoja na ExxonMobil, wana Kitalu namba 2. Eneo la kiwanda ni Likong'o, Manispaa ya Lindi, zaidi ya hekta 2,000, na wananchi waliohamishwa walilipwa fidia.

Mazungumzo yalilala kwa miaka kadhaa. Sheria za 2017 za umiliki wa rasilimali ziliwafanya wawekezaji wasite, na Januari 2021 Equinor ilifuta vitabuni dola milioni 982 za thamani ya mradi huu. Serikali ya Rais Samia iliyafufua. Juni 2022 makubaliano ya awali yakasainiwa Dodoma, na 2023 ikatangazwa kwamba majadiliano makuu yamekamilika. Gharama inayotajwa ni dola bilioni 42. Lakini makubaliano ya awali si mkataba wa mwisho, na mkataba wa mwisho si uamuzi wa kuwekeza. Baada ya uamuzi huo, ujenzi wa kiwanda cha ukubwa huu huchukua miaka mitano au zaidi. Mtu akikuahidi ajira ya LNG mwaka huu, mwombe akuonyeshe uamuzi wa uwekezaji.

11. Kwa nini Msumbiji imetutangulia?

Gesi yao na yetu ziko jirani, na ziligunduliwa wakati mmoja. Wao walifunga mikataba mapema, na Novemba 2022 shehena ya kwanza ya LNG iliondoka Coral Sul, mtambo unaoelea juu ya bahari.

Usiishie hapo, lakini. Mradi wao mkubwa wa nchi kavu, Afungi, ulisimama baada ya shambulio la Palma la Machi 2021. TotalEnergies ikaondoa watu wake. Vita vya Cabo Delgado, mkoa wenye Palma na Afungi, vina mizizi mingi, na mmojawapo ni vijana walioona utajiri ukipita mbele ya milango yao. Mtu wa Mtwara haambiwi habari hizi na redio tu: Palma iko ng'ambo ya Ruvuma, na wakimbizi walivuka mto huo huo.

12. Kwa nini tusijenge wenyewe?

Dola bilioni 42 ni karibu nusu ya thamani ya yote yanayozalishwa nchini kwa mwaka. Kujenga wenyewe kungekuwa kuweka nchi rehani kwa bidhaa ambayo bei yake hatuipangi. Swali lenye manufaa zaidi ni TPDC iingie kwa hisa ngapi na kwa fedha zipi, na gesi kiasi gani itengwe kwa ajili ya ndani. Hayo ndiyo ya kumuuliza mbunge.

## Fedha na watu

13. Serikali inapata nini kwenye gesi?

Kupitia mkataba wa kugawana uzalishaji. Tuchukue mfano wa gesi ya shilingi 100 kutoka baharini. Mrabaha, yaani malipo ya serikali kwa kila gesi inayochimbwa, wa asilimia 7.5 unatoka kwanza (nchi kavu ni 12.5), zinabaki 92.50. Hapo kampuni inarudisha gharama zake, lakini kwa kikomo. Tuseme kikomo ni nusu, inachukua 46.25. Nusu nyingine ndiyo faida inayogawanywa kati ya kampuni na TPDC, na sehemu ya TPDC hupanda uzalishaji unavyoongezeka. Kisha kuna kodi ya mapato, na gawio kama TPDC ina hisa.

Angalia ile 46.25. Gharama zikikuzwa kwenye vitabu, faida ya kugawana inapungua na hakuna anayeona kwa macho. Kwa hiyo ukaguzi wa gharama una uzito sawa na asilimia zilizoandikwa kwenye mkataba. Kazi hiyo ni ya PURA, mamlaka iliyoundwa na Sheria ya Petroli ya 2015.

14. Fedha hizo zinakwenda wapi?

Sheria ya Usimamizi wa Mapato ya Mafuta na Gesi ya 2015 iliunda Mfuko wa Mafuta na Gesi chini ya Benki Kuu, wenye kanuni za kiasi gani kiingie kwenye bajeti na kiasi gani kiwekwe akiba. Norwei iligundua mafuta mengi 1969, ikatunga sheria ya mfuko wake 1990, na kuweka fedha za kwanza 1996. Sisi tumetunga sheria kabla ya fedha kubwa kuja, na huo ni uamuzi mzuri. Jaribio litakuwa mwaka ambao bajeti ina pengo na mfuko una fedha.

15. Lindi na Mtwara zinapata nini?

Kisheria halmashauri hupata ushuru wa huduma, asilimia ndogo ya mapato ya kampuni, na Kilwa imekuwa ikiupata kutokana na Songo Songo. Kuna pia miradi ya kampuni kwa jamii: zahanati, madarasa, visima vya maji.

Watu wa kusini walidai zaidi ya hapo. Mwishoni mwa 2012 waliandamana kupinga bomba kupeleka gesi Dar es Salaam kabla viwanda havijajengwa Mtwara. Mei 2013, baada ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini kusomwa bungeni, mji ulilipuka. Watu walipoteza maisha, nyumba zilichomwa, jeshi likaletwa. Hoja yao ya msingi ilikuwa ya kiuchumi na ilistahili jibu la kiuchumi: gesi inapochakatwa ndipo ajira inapokaa. Mitambo ya Madimba inakausha na kusafisha gesi kwa wafanyakazi wachache, kisha gesi inaondoka. Kiwanda cha saruji kimeajiri watu wengi kuliko kisima chochote cha mkoa huo.

16. Kijana asomee nini ili apate kazi kwenye gesi?

Kazi nyingi huwa wakati wa ujenzi, na ni za ufundi: uchomeleaji wenye cheti cha kimataifa, ufungaji wa mabomba, umeme wa viwandani, uendeshaji mitambo, usalama kazini, upishi na usafirishaji. VETA za Lindi na Mtwara hutoa baadhi ya fani hizi. Jiolojia na uhandisi wa petroli ni fani nzuri, ila nafasi zake ni chache na ushindani ni mkubwa. Ufundi unaouzika hata nje ya gesi ndio ulio salama, kwa sababu tarehe ya LNG haijulikani (swali la 10).

## Bahari, majirani na yaliyo pembezoni

17. Wavuvi wanaathirikaje?

Visima vya bahari kuu viko mbali na maeneo ya mtumbwi na ngalawa. Usumbufu unatokea kwenye utafiti wa mitetemo wa kutafuta gesi chini ya bahari, meli inapovuta nyaya za urefu wa kilomita kadhaa na wavuvi kutakiwa wapishe, na kwenye maji ya kina kifupi kama Msimbati, ambako gesi inachimbwa ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Kuzunguka mtambo wa baharini kuna eneo la usalama la hadi mita 500. BMU ya kijiji, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, ipewe ratiba ya meli mapema, kwa maandishi, na mwenye nyavu zilizokatwa apeleke madai akiwa na ushahidi wa mahali na siku.

18. Zanzibar inahusikaje?

Tangu 2015 Zanzibar inasimamia mafuta na gesi yake, kwa sheria yake ya 2016. Oktoba 2018 ilisaini mkataba na RAK Gas ya Ras Al Khaimah, Falme za Kiarabu, kwa kitalu cha Pemba na Unguja. Hadi sasa hakuna uzalishaji. Umeme wa visiwani unatoka bara kwa nyaya za chini ya bahari: Unguja kupitia Ras Kiromoni hadi Fumba, Pemba kutokea Tanga. Kwa njia hiyo, gesi ya Songo Songo imekuwa ikiwasha taa za Mji Mkongwe kwa muda mrefu.

19. Kenya na Uganda watauziwa?

Kenya na Tanzania zilisaini hati ya makubaliano ya bomba la Dar es Salaam hadi Mombasa Mei 2021, na Uganda ilifuata Novemba 2023 kwa makubaliano ya upembuzi yakinifu. Hakuna bomba lililoanza kujengwa. Lakini wateja wa jirani ni hoja nzito kuliko inavyochukuliwa, kwa kuwa hawahitaji kiwanda cha LNG.

20. Leseni ya Songo Songo inaisha lini?

Ilitolewa Oktoba 2001 kwa miaka 25, kwa hiyo inafika kikomo Oktoba 2026. Gesi haiishi na leseni. Kinachoamuliwa ni nani aendeshe, kwa masharti gani, na nani awekeze kwenye visima vipya na mashine za kuongeza mgandamizo, maana shinikizo la mwamba hushuka kadiri unavyotoa.

21. Gesi ikiisha kisimani, nani anasafisha?

Mwenye leseni. Sheria ya Petroli ya 2015 inataka mpango wa kufunga visima na mfuko wa gharama hizo: kisima kizibwe kwa saruji, vifaa viondolewe, eneo likaguliwe. Ugumu ni kwamba gharama hizi huja mwishoni, wakati mapato yamekauka na kampuni ya kwanza pengine imeshauza hisa zake. Visima vya mwanzo vya Songo Songo vilichimbwa miaka ya 1970, hivyo huko ndiko hesabu hii itakakoanzia. Wananchi wa Kilwa wana haki ya kuuona mpango huo, na fedha zilizotengwa kwa ajili yake, kabla leseni haijaongezwa au kubadilishwa mikono.